Neno Nililoandika Chini ya Kiatu

Kama umekatwa mguu, au umeambiwa utakatwa na bado unabishana na daktari, vuta kiti. Mambo ya dawa sitakuambia. Dawa muulize aliyesomea. Mimi naitwa Njuguna, fundi wa viatu, duka langu liko Free Area, hapa Nakuru. Shule niliachia darasa la nne kule Olenguruone kwa sababu baridi ilikuwa kali na viatu sikuwa navyo. Viatu nikaenda kuvitafuta mwenyewe, na nimevitafuta mpaka nikazeeka. Nyumba nimejenga kwa viatu, watoto nimesomesha kwa viatu, na vile vyumba vya kupangisha nyuma ya duka pia ni viatu. Hakuna aliyeniomba niandike. Naandika kwa sababu nina hasira, na ndani ya hiyo hasira kuna kitu kinachoweza kukusaidia.

Ilianza Januari, wakati wa vumbi. Fundi wa viatu huweka misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, anapiga. Siku hiyo mmoja ulianguka na sikuutafuta. Uliingia kwenye kiatu changu mimi. Nilikuwa na sukari tayari, miaka kadhaa, na nyayo zangu zilikuwa zimekufa ganzi. Daktari aliniambia, nikasema sawa, nikarudi kazini. Nikakanyaga huo msumari tangu asubuhi mpaka nikafunga duka, na sikusikia kitu. Kila kiatu cha mteja huwa natia mkono ndani kabla sijampa, napapasa kote nisije nikamdunga mtu. Changu sikupapasa.

Mke wangu, Mama Wambui, ndiye aliona.

"Baba Wambui, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

"Na hii damu kwa zulia ni ya nani? Ya jirani?"

Nikavua kiatu. Msumari wangu mwenyewe, ule wa nusu inchi, umesimama kwa nyama kama umepigiwa hapo na mtu anayejua kazi.

Sitakuchosha na yaliyofuata. Tulikaa kwenye mabenchi. Ukiugua mguu utajua mabenchi: lile la usajili, lile la maabara, lile la kungoja faili iliyopotea. Nilijifunza kwamba benchi la mbao ni rafiki kuliko la chuma, na kwamba mama anayeuza chai langoni anajua zaidi ya mtu wa dirishani kuhusu daktari yupi amefika. Dole gumba likawa jeusi. Kisha la pili. Februari ikiisha wakakata, chini ya goti, upande wa kushoto. Niliamka nikawashwa na kidole ambacho hakipo. Mpaka leo kinawasha, na kila mara mkono unaenda kukikuna kabla sijakumbuka.

Huko wodini ndiko maneno yalianza.

Nesi mmoja, mtu mzuri, mikono laini kabisa ya kufungua bendeji, alikuwa akija asubuhi anauliza, "Mzee, kisiki kinaendeleaje leo?"

"Kisiki ni cha mti," nikamwambia. "Mimi ni mtu."

"Pole mzee, ndivyo tunaita."

"Basi muanze kuita vingine."

Akacheka, akafunga bendeji, na kesho yake akauliza kisiki kinaendeleaje. Ndugu zangu walipokuja kuniona hawakuniuliza mimi chochote. Walimuuliza Mama Wambui, nami niko hapo katikati yao na macho yangu mawili: "Anakula? Analala? Hajakasirika?" Nilikatwa mguu, na wao wakadhani nimekatwa ulimi pia.

Nilitoka hospitali mvua kubwa ikianza. Aprili yote niliketi kwenye veranda nikiangalia matope ya barabara nisiyoweza kuvuka. Bendeji zilibadilishwa Jumatatu na Alhamisi. Mwili wangu ulikuwa unageuka kuwa wa mtu mwingine. Mabega yalivimba kwa magongo, paja likasinyaa, ngozi ya mwisho wa mguu ikawa inang'aa kama ngozi ya kiatu kipya. Daktari aliniambia jambo moja, nalo ulishike hata ukitupa mengine yote: goti linakaza. Usipolinyoosha, usipokwenda kupimwa mguu wa bandia mapema, goti litajikunja libaki hivyo, na baada ya hapo hakuna mguu utakaokutosha. Utakaa. Kwangu mimi kukaa kulikuwa na maana ya duka kufungwa, kwa sababu mashine yangu ya kushonea viatu ni ya kukanyaga, na binti yangu Wambui, anayeishi Kiamunyi, alikuwa tayari amepata mtu wa kuuza vifuniko vya simu anayetaka chumba hicho.

"Baba, duka limekaa bure miezi," aliniambia. "Huyu kijana ni mtu wa maana. Wewe sasa pumzika."

"Nipumzike, kwani mimi ni marehemu?"

"Si hivyo. Lakini uko na hali."

Hali. Hata mtoto wangu alikosa neno, akachukua hilo.

Basi mwezi wa tano nikakubali kwenda kwenye kliniki inayopima miguu. Sitaitaja. Tulifika mapema, watu wamejaa mlangoni, mvua inanyunya. Kulikuwa na kijana wa kupanga laini, koti la kijani, sauti kama ya mnada. Akapiga kelele: "Vilema vikae upande huu! Vilema upande huu, wagonjwa wengine upande ule!"

Mimi nilisoma madarasa manne tu, lakini katika hayo manne mwalimu wa Kiswahili alitupiga sana. Kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Kikombe kimeanguka, vikombe vimeanguka. Ukikosea unanyoosha mkono. Huku kwetu bara tulisahau mara tu tulipotoka darasani, tunachanganya vyovyote, lakini siku hiyo nilisikia kama nimepigwa fimbo ile ile. *Vikae.* Si wakae. Nikaanza kuhesabu kichwani, pale pale kwenye mvua. Kilema. Kiwete. Kipofu. Kiziwi. Kiguru. Kibogoyo. Kibiongo. Wote wako kwa ki, pamoja na kijiko na kisu na kiti. Mtu ni m. Mganga ni m, mwizi ni m, hata mchawi ni m! Mwizi anabaki mtu, lakini ukipoteza mguu unapelekwa kabatini na vyombo.

"Hata kiongozi ni ki," Mama Wambui aliniambia nilipomlalamikia. "Na kinyozi."

"Kiongozi nilishamweka na vyombo kitambo."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia twende nyumbani, tukaenda, na sikupimwa.

Nilikataa kurudi. Mwezi wa sita wote nilikataa. Wakiniuliza sababu nilisema mvua, nilisema kidonda, nilisema faili. Sababu ilikuwa neno moja. Nisingesimama kwa laini ya vilema. Mimi Njuguna, niliyetoka Olenguruone miguu mitupu.

Na si kwamba walikosa maneno mengine ya kuniletea. Nikikaa hapo veranda niliyahesabu yote. Nilipokuwa mtoto, kwa Kikuyu chetu, tulisema kionje, nalo pia ni ki, angalia. Kulikuwa na mtoto wa jirani ambaye tulimwona mara mbili kwa miaka yote, kwa sababu alifungiwa nyumbani, na hilo ndilo lilikuwa jina lake. Baadaye redio ikaanza kusema walemavu. Tukasema hata sisi, tukajiona tumestaarabika. Kisha watu wa semina wakaja na karatasi: watu wenye ulemavu. Semina iliyofuata wakabadilisha tena: watu wanaoishi na ulemavu. Nina wapangaji mimi, najua maana ya kuishi na mtu. Ulemavu haujawahi kunibishia mlango kuomba chumba. Halafu kuna wale wa kusema wenye uwezo tofauti. Uwezo gani? Napaa?

Kanisani ndiko walinimaliza. Mimi kila mwaka nilikuwa natoa viatu kwa wasiojiweza, ndivyo tulivyowaita, jozi kwa jozi, zimepigwa rangi. Jumapili moja mwezi huo wa sita mzee wa kanisa akasimama kusoma majina ya kuombewa. Wagonjwa akamaliza. Wafiwa akamaliza. Akasema, "Na sasa wasiojiweza wetu," na jina la kwanza likawa langu.

Nilisimama kwa gongo moja.

"Najiweza!"

Mama Wambui akanivuta koti. "Keti, Baba Wambui."

"Sikai. Nilipowapa viatu nilikuwa nani? Futa hilo jina."

Mzee akafuta. Nikatoka nikiwa nimejaa kiburi, na nikafika nje nikakuta ngazi tatu nisizoweza kuteremka peke yangu.

Hapo ndipo nilikuwa Julai ilipofika na baridi yake. Goti lilikuwa limeanza kukataa. Asubuhi nililinyoosha kwa mikono miwili nikiwa nimeuma shuka. Wambui alikuwa amemwambia yule wa simu ahamie mwisho wa mwezi. Na siku moja mchana, nikiwa kwenye veranda na blanketi, mwanamke akaingia kwa geti bila kubisha, anatembea ule mwendo ninaoujua kwa masikio: tap, kimya kidogo, tap.

Alikuwa mteja wangu. Polio ilimshika mguu wa kulia akiwa mdogo, ukabaki mfupi na mwembamba. Ni fundi cherehani, kibanda chake kiko hapo sokoni, anashona sare za shule. Kiatu chake cha kulia nilikuwa nakitengeneza mimi: soli ya raba za kubandikwa tabaka juu ya tabaka mpaka urefu wa vidole vinne, kisha unachonga ili isiwe nzito, kisha unapinda mbele kidogo ili mguu uende. Wengine wanamwekea ubao. Ni mimi tu Nakuru yote niliyejua kipimo chake, na hilo nalisema bila aibu.

"Fundi," alisema. "Habari ya siku nyingi."

"Siko kazini."

"Naona. Nimepita dukani nikaona tangazo la vifuniko vya simu." Akaketi bila kuambiwa, akavua kiatu, akakiweka kwenye magoti yangu juu ya blanketi. "Soli imeachana. Yule fundi wa stendi ameibandika mara mbili, inaachana. Bila hiki mimi sifiki kibandani. Wazazi wananipigia simu, shule zinafunguliwa mwezi ujao."

"Nimekuambia siko kazini. Mashine ya kukanyaga naikanyagaje? Huoni?"

Akaangalia mguu wangu, pale suruali ilipokunjwa na kupigwa pini. Hakusema pole. Ndiye mtu wa kwanza tangu Februari ambaye hakusema pole.

"Nakanyaga mashine kwa mguu mmoja tangu nikiwa msichana," alisema. "Huu mwingine unakaa tu hapo kama mgeni. Mashine haihesabu miguu, fundi. Inataka mmoja unaojua wakati."

Mikono yangu ilikuwa imekwisha kushika kiatu. Mikono ya fundi haina adabu, inashika tu. Nikatia mkono ndani nikapapasa misumari. Nikakigeuza.

Hapa nikueleze kitu cha kazi yetu. Fundi wa viatu huandika jina la mteja chini ya soli asichanganye viatu. Wengine huandika kwa chaki kwenye kisigino, na kabla ya jioni imefutika, watu wanavaa viatu vya wenyewe. Mimi nina akili. Naandika kwa kalamu nene ya wino, na naandika pale katikati, palipopinda, kati ya kisigino na mbele, ambapo soli haigusi ardhi. Hapo mtu anatembea mpaka soli inaisha na jina bado liko. Nilijivunia hilo. Nimewafundisha vijana wengi.

Nikageuza kiatu na hapo katikati, kwa mwandiko wangu, herufi kubwa, wino mweusi kama jana, kulikuwa kumeandikwa KILEMA. Chini yake, siku ya kukichukua: IJUMAA.

Nikalisugua kwa kidole gumba, halikufutika.

"Hii niliandika mimi?"

"Na nani mwingine? Kila ukibadilisha soli unaandika upya. Sijui mara ngapi sasa. Nilianza kuja kwako nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza."

"Ni jina la kazi tu," nilisema, na nilisema kwa ukali, kwa sababu ndivyo nilivyo. "Fundi anaandika alama. Kila mtu ana alama. Kuna Mrefu, kuna Mwalimu, kuna..."

"Yule mrefu wa gereji ulimwandika nini?"

Nikafikiria. "Otieno."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu Kirui."

"Ah."

Alifunga leso yake vizuri. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea na yote yalikuwa yamekaa nyuma ya meno kama misumari.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nikuambie nini? Ungeniambia nitafute fundi mwingine. Nimekujua wewe. Ulimfukuza yule mama wa kanisa kwa sababu alisema gundi yako inanuka. Nami fundi mwingine sina. Nikajiambia, Chebet, neno haliumi mguu, ubao ndio unaumiza mguu. Vaa." Alisema haya yote kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya sare. "Nikipiga magoti kanisani, wanaokaa nyuma wanasoma. Hiyo nilizoea. Nilijaribu petroli, nilijaribu mchanga. Wino wako ni mzuri, fundi, hautoki. Lakini mtoto wangu alipofika chekechea, wakati wanaanza kuunganisha silabi, siku moja niko chini naokota pini, naye yuko nyuma yangu, nikasikia, *ki... le... ma.* Akapiga makofi. Akasema, mama, nimesoma! Neno lake la kwanza kusoma peke yake. Basi mimi nikapiga makofi pia. Ningefanya nini?"

Nimepitia kisu cha daktari, nimepitia kubadilishwa bendeji iliyoshikana na nyama. Hakuna maumivu yaliyofika hapo.

Na bado nilikuwa na hasira, usidhani niligeuka malaika. Nilimkasirikia yeye kwa kuniambia. Nilimkasirikia yule kijana wa koti la kijani, na mzee wa kanisa, na nesi, na wale wa semina, kwa sababu wote hao walinifanyia kwa miezi mitano, nami nilikuwa nimemfanyia mtu mmoja kwa miaka, kwa wino usiofutika, huku nikijiita mwenye akili. Miezi mitano tu mimi nilishindwa kutoka nyumbani. Yeye alitoka kila siku akiwa amesimama juu ya neno hilo.

"Umesema unaitwa Chebet," nilisema.

"Rosa Chebet. Ungeuliza tu."

"Nipe hicho kisu kiko dirishani."

Nilifanya kiatu chake pale veranda, kwa mkono, sindano na uzi wa nta, bila mashine. Ilichukua mchana mzima, naye alikaa nami, mguu mfupi umefunikwa na blanketi langu. Mama Wambui alituletea chai na akatuangalia kama vichaa. Nilikata ile soli yenye neno nikaitupa kwa moto wa jikoni, ikanuka nyumba yote. Nilipomaliza mpya nilichukua kalamu na nikaandika R. CHEBET pale katikati. Mwandiko ulikuwa mbaya.

"Sasa nenda ukapimwe," alisema akifunga kamba.

"Wanapanga vilema laini yao."

"Mimi nimesimama laini hiyo tangu nabebwa mgongoni. Ni laini tu, fundi. Inasonga." Akasimama, akapiga hatua mbili kujaribu. Tap, tap. Sawa kabisa. "Na ukifika huko uwe mpole. Wewe bado mgeni, sisi wengine ndio wenye mji."

Nilirudi kliniki wiki iliyofuata. Kijana wa koti la kijani alikuwa pale pale. Sikumsubiri. Nilianza kwa yule aliyeketi karibu nami kwenye benchi nikamuuliza jina, nikamuuliza anayemfuata, mpaka mwisho, wote kumi na mmoja, na nina kichwa kizuri cha majina nikitaka. Alipopiga kelele, "Vilema vikae upande huu," nikasimama kwa magongo yangu.

"Wewe! Huyu ni Mama Achieng. Huyu ni Koskei. Huyu ni Wanjala, yule mwenye kofia ni Maina, na huyu mtoto anaitwa Faith. Mimi ni Njuguna. Hapa hakuna viti vya kuambiwa vikae. Sema *wakae*. Sema, wanaongoja miguu wakae upande huu."

Wengine wakacheka. Wanjala akasema, "Mwambie, mzee!" Mama Achieng akaniomba niketi nisiwacheleweshee daktari.

Kijana alikuja akainama karibu yangu, uso umemshuka. "Mzee wangu, usinichukie. Mimi nafanya kazi tu."

Nilikuwa na tusi tayari. Nilikuwa nalo tangu mwezi wa tano, nimelinoa. Likakataa kutoka.

"Hata mimi nilikuwa nafanya kazi tu," nikamwambia. "Acha."

Alinishangaa. Lakini zamu iliyofuata nilimsikia akisema, "Wa miguu, upande huu tafadhali." Si neno zuri sana. Ni afadhali.

Goti lilikuwa limekaza lakini halikuwa limefungwa. Walinipa mazoezi ya wiki tano, na hayo ni mateso, nakuambia ukweli, utamtukana anayekunyoosha na usimwombe msamaha mpaka umalize. Mwisho wa Agosti mguu ukawa tayari. Siku ya kwanza nilitembea hatua sita kati ya vyuma viwili nikalia kwa sauti, na fundi wa miguu akajifanya anatafuta bisibisi. Hiyo ndiyo huruma ninayoitaka mimi. Mtu atafute bisibisi.

Yule wa vifuniko vya simu nilimpa chumba cha nyuma. Dukani nikarudi. Mashine ilikuwa na vumbi, nikaweka mguu wa kulia kwenye pedali, ule wa bandia nikauweka pembeni kama mgeni, nikakanyaga. Uzi ulikatika mara nyingi asubuhi hiyo. Kufikia saa nane ulikuwa unakwenda.

Nilijitengenezea jozi ya viatu, vyeusi, vya kamba. Chebet alipita kuleta mkanda wa mashine yake ushonwe, nikampa kile cha kushoto, ambacho kitavaliwa na ule mguu wa bandia, na nikampa kalamu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Unajua."

Nilidhani atakataa, anipe hotuba ya Kikristo ya kusameheana. Hakukataa. Akageuza kiatu akaandika polepole, akapuliza wino, akanirudishia. "Ijumaa," alisema, na hapo ndipo alicheka, alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Januari.

Septemba niliitwa kwenye tathmini, ile ya kuandikishwa rasmi. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika aina ya ulemavu, nami nilijaza mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikaambiwa nipande kitandani. Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye heshima, aliyeniita guka, yaani babu. Akashika mguu wa bandia, akauinua aangalie unavyokaa, akasoma chini ya kiatu.

"Guka," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu amekuandikia tusi chini ya kiatu."

"Nimeona."

"Nani huyo? Hii ni mbaya sana. Ngoja, nina spiriti hapa, nitakufutia."

"Usijisumbue, mama. Haitoki."

"Itatoka. Nikisugua vizuri—"

"Haitoki," nikamwambia. "Nilimwonyesha mimi mahali pa kuandika."